Kidole Gumba Upande wa Kushoto

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi nzima nakwangua gundi kwenye boksi la vifaa. Kucha zimekwisha. Pikipiki imenizidi umri, na yeyote aliyebandika stika za kampeni juu ya nembo za kiwanda, Mungu anamwona. Deo, mwenzangu wa karakana, kamaliza injini. Inanguruma vizuri, naye anapitapita uani anaringa utadhani kaizaa yeye. Imebaki sehemu yangu: rangi kidogo, nembo nyingi. Kila moja mahali pake, kama siku ilipotoka kiwandani. Ndivyo alivyoagiza mteja wetu, kaka Valerian. Yuko Dar. Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake, katekista wa Kilema, aliyezungukia nayo vigango vya mlimani. Misa ya kumbukumbu itakuwa Desemba, ukoo mzima ukiwa nyumbani.

Kazi tamu. Ni mara chache napata kitu kizee ambacho hakijaharibiwa na mafundi wenzangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Bibi Apolonia, mjane wa katekista, kashuka kutoka Kilema mpaka hapa karakana, Majengo. Macho yana ukungu, anaona vivuli tu. Nikampa shikamoo, akaitikia, kiti akakataa. Akaipapasa pikipiki kuanzia usukani, akafika kwenye tangi, upande wa kushoto, akasimama hapo. Pana nembo ya zamani, imebandikwa kombo. Mbele imepanda, nyuma imeshuka. Katikati, kwenye vanishi, kuna alama ya kidole gumba. Tangu wiki iliyopita nilikuwa naiangalia na kusema huyu fundi alikuwa kalewa.

Kumbe ni yeye. Waliinunua ikiwa imeshatumika, nembo ya upande ule imetoka. Mumewe akatafuta nyingine, akampa mkewe aibandike, bado bibi harusi. Akaiweka kombo, akaikandamiza kwa kidole vanishi ikiwa mbichi. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, kila akitoka kwenda kigangoni, anaweka kidole gumba chake juu ya kile cha mkewe, ndipo anapiga kiki. Miaka yote, mpaka magoti yakamkatalia.

Bibi akanishika mkono. "Kwingine fanyeni mnavyotaka. Hapa usipaguse, mwanangu."

Nikasema, "Sipagusi, bibi." Nimesema kwa mdomo wangu, Deo akisikia.

Jumatatu, 10 Novemba

Nembo zimefika na basi kutoka Dar. Jamani! Dhahabu yenye ukingo mwekundu, zile za kulowekwa kwenye maji na kuteleza taratibu kutoka kwenye karatasi. Za kweli kabisa, za wakati ule. Zimekuja mbili, ya kulia na ya kushoto.

Nimebandika ya kulia. Nilizima feni, nikamfukuza Deo, nikazuia pumzi. Imekaa. Hakuna kiputo, hakuna mkunjo. Nimeizunguka pikipiki nikijisifu peke yangu kama mwehu.

Halafu nikafika upande wa kushoto. Yesu. Kabla ya leo ilikuwa kombo tu. Sasa ni aibu. Nimeipiga picha kwa simu, sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Novemba

Kila nikipita naiona. Nimeifunika na kitambaa. Nikaifunua. Deo kasema, "Mama Glory, achana nayo. Bibi kaomba." Najua kaomba. Nilikuwepo.

Jumatano, 12 Novemba

Imetoka.

Nimesahau. Kawaida yangu nasafisha tangi pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kitambaa kimoja, ili mng'aro ulingane. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofanya siku zote. Mkono ukaenda wenyewe. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, ikagusa vanishi kuukuu, ikalainika kama mafuta ya mgando. Alama ya kidole ilitoka kwanza, kabla ya herufi. Kitambaa kikabaki na dhahabu.

Deo alikuwa Himo kufuata vipuri. Hakuna aliyeniona. Kitambaa nimekichoma.

Ijumaa, 14 Novemba

Sili. Glory kaniuliza kama naumwa, nikamkaripia bure, mtoto wa watu.

Tangi nimelifunika. Deo nimemwambia polishi inakauka. Polishi gani inayokauka siku mbili? Hakuuliza.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeenda misa, sikukomunika. Nilikaa benchi la nyuma nikawaangalia wengine wakipanga foleni.

Naandika hapa maana hakuna atakayesoma. Sikusahau. Mkono haukwenda wenyewe. Niliingia karakana nikiwa nimeshaamua. Niliona Deo kaondoka, nikaona nembo mpya ya kushoto iko kwenye bahasha, nikajisemea: bibi haoni, Valerian analipia orijino, na mimi ndiye fundi. Niliposhika kitambaa nilijua nashika nini. Jicho langu lilikuwa linawasha na niliona bora lipone jicho langu kuliko litimie neno langu. Basi.

Na ilipotoka, kwa dakika moja, nilifurahi.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimetengeneza nyingine.

Kuzeesha kibandiko ni kazi ninayoijua. Wenye magari ya zamani hunilipa kwa hilo. Nimebandika ile mpya, kombo, nikifuata picha ya kwenye simu. Mbele ipande, nyuma ishuke. Mikono yangu ilikuwa inakataa kuiweka kombo, nikailazimisha. Maji ya chai ya rangi. Masizi ya kibatari. Msasa laini uliochoka. Vanishi niliyoipasha mpaka ikawa ya manjano. Ilipoanza kushika nikakandamiza kidole gumba changu palepale kilipokuwa kile.

Haijapata kutoka kazi nzuri kama hii mikononi mwangu. Naichukia.

Deo kaja, kafunua, kaangalia upande wa kushoto. Kasema, "Afadhali umeiacha." Nikasema eeh.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumeipeleka Kilema kwenye pikapu. Njia nzima kuanzia Himo kupanda nilikuwa naomba mvua inyeshe, tairi ipasuke, chochote. Mbingu nyeupe. Mlima wazi, umekaa unatuangalia.

Bibi alikuwa mlangoni kavaa kitenge kipya. Hakuuliza habari ya safari. Alienda moja kwa moja upande wa kushoto. Akatafuta, akapata, akaweka kidole gumba chake. Akakaa hivyo. Halafu akacheka, kicheko cha msichana. Akaanza kuongea Kichagga polepole, si na sisi. Nilisikia akimuuliza mumewe huko alikokwenda wanampa chakula gani.

Akanishika mashavu yote mawili, akanishukuru. "Aika, mwanangu. Aika." Katuwekea kiburu, ndizi na maharage. Deo kala sahani mbili. Mimi sahani yangu nilimsogezea yeye. Tumerudi na mkungu mzima wa ndizi. Nimempa jirani.

Jumanne, 2 Desemba

Valerian kapiga simu, sauti juu, anafurahi. Mama yake kila asubuhi anajishikilia ukuta mpaka bandani, anaweka kidole, anasalimia, ndipo anakunywa chai. Hajamsikia na moyo mweupe hivi tangu mazishi. Na baada ya misa, anasema, watoto wote na wajukuu watapita mmoja mmoja kuweka kidole pale. Wazo la bibi mwenyewe.

Ukoo mzima utasalimia kidole changu. Kidole cha mama mbandika stika wa Rau, kilichonuka chai na masizi.

Nilimwambia hongereni. Nikakata simu.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwambia Deo. Alikuwa kashika spana, akaiweka chini taratibu, hiyo ikanitisha kuliko kama angeirusha. Halafu, "Hata mimi ulinifanya mjinga." Ndiyo. Hata wewe.

Kasema nipeleke isale. Mimi Mchagga, nalijua jani la isale. Ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe. Hakuna mzee wa mlimani anayelikataa. Ndiyo maana sikulitaka. Naona ni kama kumkaba mtu shingo ili aseme nimekusamehe. Lakini kwenda mikono mitupu naogopa. Nimelikata kwenye mpaka wa uwanja nyumbani Rau, nimelifunga fundo.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimerudi. Niandike kabla sijaanza kuipamba habari yenyewe.

Alikuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwekea isale mikononi. Akalipapasa. Akaacha kuchambua. "Umenikosea nini wewe?"

Nikasema yote. Niliyoahidi, niliyofanya, kwamba sikusahau, chai, masizi, kidole. Sikulia. Nilikuwa nimejikataza kulia mbele yake, maana angeanza kunibembeleza.

Kuku waliingia ndani wakatoka. Kisha akasema isale halikatai, limepokelewa, mambo yameisha. Akaliweka kwenye ungo pamoja na maharage. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Sasa kwa nini umeniambia?"

Nilidhani atakuwa ameshatambua. Watu wanasema asiyeona anajua kwa vidole. Hakuwa anajua lolote. Alikuwa anaamka kila siku anamkuta mumewe pale, na mimi nimepanda mlima na jani mkononi kwenda kumnyang'anya mara ya pili. Ya kwanza nilimuibia asijue. Ya leo nimemuibia anasikia.

Nikamwambia naweza kupata nembo nyingine. Nitamshika mkono, ataibandika mwenyewe, ataweka kidole chake mwenyewe. Itakuwa ya kweli.

"Changu ninacho," akasema, akakinyanyua. "Chake ndicho nilichokuwa nakifuata pale."

Akataka niitoe ile niliyoghushi. Leo, sasa hivi, yeye akiwepo. Nilikuwa na tina kwenye mkoba. Akakaa kwenye kigoda bandani akisikiliza kitambaa. Ilipotoka aliniuliza kama imekwisha. Nikasema imekwisha. Akasema pabaki hivyo hivyo.

Jumapili, 7 Desemba

Nimempigia Valerian, nikamwambia mwenyewe. Kanitukana. Alipochoka kutukana akauliza kama mama yake kalala vizuri. Sijui. Hakika sijui.

Alhamisi, 18 Desemba

Kazi nyingi, kila mtu anataka pikipiki ing'ae kabla ya Krismasi. Nabandika. Zinakaa sawa. Sijisikii kitu.

Jumatatu, 29 Desemba

Misa ilikuwa juzi. Nilienda. Deo alisema nisiende, nikaenda.

Pikipiki ilisimama mbele ya kanisa. Upande wa kulia uliwaka jua lilipoupiga. Wa kushoto ulikuwa mtupu, rangi imepauka kidogo pale nembo ilipokuwa. Hakuna aliyepita kuweka kidole. Bibi kaliondoa jambo hilo, hakueleza kwa nini. Mgeni mmoja wa Arusha, mpenzi wa pikipiki za zamani, akaniita mbele ya watu. Kazi safi, akasema, ila huku ulisahau nembo. Watu wakanigeukia. Nikasema ilikuwepo, ya bibi mwenyewe, na niliitoa ingawa nilikatazwa. Akaangalia viatu vyake.

Wakati wa chakula nikamsogelea bibi, nikampa shikamoo. Alinijua kwa sauti. Akaupokea mkono wangu, hakuuachia. Akakitafuta kidole gumba, akakipapasa polepole, juu, chini, pembeni, kama alivyokuwa anapapasa lile tangi.

"Kumbe ni hiki," akasema.

Akauachia mkono. Akageuka kumsalimia mgeni mwingine. Nikala, nikaosha sahani pamoja na wanawake wa pale, nikashuka.

Leo sijafungua kazi. Nimefua mashuka, nimepika mtori. Glory kasema una chumvi nyingi.