Pacha Si Fotokopi

Baba Pacha,

Nimetoka, chakula cha watoto kiko kwenye friji. Lile gari la betri nimelipandisha juu ya kabati. Ulipoingia kuoga, mwanao Fundi aling'oa tairi na pacha wake Kidomo akalitafuna. Pacha si fotokopi, mume wangu! Kidomo bado anaijua dunia kwa kuionja, mpe mwiko na sufuria. Fundi raha yake kufungua na kufunga: mpe makopo yenye vifuniko, la sivyo redio tuiage.

Filimbi ~~usiwape kabisa~~ wape tu, mimi sipo.

Gari ulisema ni lao, lakini asubuhi walilia wakiomba zamu, nawe umelala kifudifudi ukiliendesha, unanguruma kama injini. Limemfaa mtoto mmoja tu, yule mwenye ndevu. Apewe akishaosha vyombo.

Mama Pacha