Salamu Yako Iliyojiandika Yenyewe

Baba yangu,

Assalaam alaikum. Naanza hivyo kwa kuwa bila salamu ungenirudisha nianze upya.

Tangu kiwanda alichofanyia kazi Hamadi, mdogo wangu, kiuzwe, naye aende Maskati kutafuta kazi, tulikuwa tukienda sote duka la intaneti pale Ngamiani, wewe unasema, mimi naandika. Yeye alikuwa akituletea neno moja tu, "Vipi?", bila salamu wala jina. Ilikuudhi, baba. "Hata paka akiingia ndani hulia kwanza," ulisema. Ukamwomba mwenye duka akuwekee salamu ndani ya kompyuta, ijiandike yenyewe chini ya kila barua: "Mimi baba yako ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Mama yako na dada yako wanakusalimu sana." Ulijivunia jambo hilo hadi barazani kwa wenzio.

Siku tuliyokuzika, simu ya Hamadi ilikuwa haipatikani. Nikaenda dukani kumwarifu. Niliandika mstari mmoja, machozi yamenijaa, nikatuma. Salamu yako ikajiandika chini yake. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Kesho yake alijibu: "Dada, mzaha gani huu? Mbona baba mwenyewe anasema ni mzima?"

Ikabidi nimwandikie tena. Nilikuzika mara ya pili, baba, na safari hii nilikuwa peke yangu.

Baadaye Hamadi akanisihi nisiifute. Alisema akiisoma ndipo anapopata usingizi. Mama hataki kuisikia. Anasema marehemu huombewa dua, hasingiziwi uzima. Nimekaa katikati yao hadi arobaini yako imepita. Jana nimeifuta. Mwenye duka aliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza. Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

Kisha nikamwandikia Hamadi salamu mwenyewe, jina baada ya jina, za nyumba nzima. Nilipofika pa kukutaja wewe kwanza, nikaanza na mama. Hapo ndipo nilipojua kweli umeondoka.

Mungu akulaze pema, baba. Kila Alhamisi baada ya Magharibi nitakusomea Yasini. Na Hamadi akirudi, nakuahidi, nitamleta kaburini kwako akusalimu kwa kinywa chake, nami sitaondoka hapo hadi amalize.

Binti yako,
Mwanaisha