Jina Nililompa Matroni

Muleba,
Jumapili, 14 Julai 2024

Dada Theopista,

Shikamoo. Mama anaendeleaje hapo Nyanga, na mguu wake umepona? Mimi sijambo sasa, ingawa wiki hii nimelala siku mbili katika chumba cha wagonjwa. Naahidi kukueleza yote bila kuficha, maana mama akisikia kwa mtu mwingine atadhani makubwa zaidi.

Unamjua Shadya, rafiki yangu wa Kagondo. Tulipokuwa kidato cha kwanza tuligawana tunda moja la kahawa ya kutafuna, yeye punje moja na mimi punje moja, kama wazee walivyofanya omukago ili wawe ndugu. Hatukujichanja kutoa damu kama wao, tulitafuna tu. Lakini mimi tangu siku ile nimemhesabu kuwa ndugu yangu.

Mwaka huu amehamia shuleni kwetu msichana anayeitwa Judica. Sasa Shadya anachota maji na Judica, anajisomea jioni na Judica, na wakicheka sijui wanacheka nini. Mimi na msichana huyo hatujasemeshana hata neno moja. Jumanne niliwaona nyuma ya bweni. Shadya alifungua kifurushi cha jani kavu la mgomba, akatia kitu mdomoni, kisha akamnyooshea mwenzake. Dada, moyo uliniuma. Nilijua ni kahawa. Nilijua wanagawana kama tulivyogawana sisi.

Kesho yake asubuhi nilikipata kifurushi hicho, nikatia vilivyomo vyote mdomoni bila hata kutazama, ili Judica asibakiziwe kitu. Vilikuwa vichungu kupita kahawa yoyote, lakini kwa hasira nikatafuna na kumeza. Ilikuwa tumbaku. Nilitapika mstarini mbele ya shule nzima. Matroni Ashura aliponiuliza nani amenipa, nikasema ni Judica. Amerudishwa kwao mwezi mzima.

Usimwambie mama bado.

Mdogo wako,
Evelyne


Nyanga,
20 Julai 2024

Mdogo wangu Evelyne,

Marahaba. Hatujambo. Mama anatembea vizuri, na jana alikwenda mwenyewe shambani kukata ndizi, akatugombeza sote kwamba tumeacha migomba ikalala. Sijamwambia kitu.

Nashukuru ulitapika, maana tumbaku ikikaa tumboni ni sumu. Hapa zahanati ninapofanya kazi wanakuja watoto wa umri wako wenye vidonda kwenye fizi. Kila mmoja anasema alionja tu. Sasa wasipoipata hawawezi kukaa darasani hadi kipindi kiishe. Kwa hiyo jambo lako sikulicheka.

Ila nimesoma barua yako mara tatu na kuna mahali hapakai sawa. Unasema wewe na Judica hamjasemeshana hata neno moja. Basi alikupaje? Na kifurushi ulikipata wapi? Uliahidi kuniambia yote, Evelyne. Bado hujaniambia.

Dada yako,
Theopista


Muleba,
Jumapili, 28 Julai 2024

Dada Theopista,

Shikamoo. Natumaini wote mu wazima. Barua yako ilinifikia Jumanne na nimekaa nayo siku tano.

Kifurushi nilikitoa chini ya godoro la Shadya. Tumbaku ni yake. Alianza likizo ya Juni ili asisinzie akisoma, na sasa akiikosa anakuwa mkali na mikono inamtetemeka. Judica siku ile hakupokea. Alikuwa anamsihi aitupe.

Tangu Judica aondoke, Shadya alirudi kwangu. Tulichota maji pamoja, tukakaa dawati moja. Nilifurahi, Dada, nakiri. Nilijua Judica yuko kwao kwa kosa lisilo lake, na bado nilifurahi.

Alhamisi nilimwomba Shadya twende wote kwa matroni. Akanijibu:

“Ulitaka Judica aondoke, ameondoka. Sasa unataka nini tena?”

“Nakutaka wewe,” nikasema.

“Basi nyamaza.”

Nilinyamaza siku nzima. Kama ningeendelea kunyamaza, ningekuwa naye hadi kidato cha nne. Ijumaa nikaenda peke yangu. Matroni hakunifokea, aliniuliza tu kama naelewa nilichomfanyia mtoto wa watu. Nimepewa adhabu ya kupalilia migomba ya shule hadi mwisho wa Agosti, na ni haki. Judica ameitwa arudi, atafika kesho. Shadya alirudishwa kwao jana, mpaka aje na mzazi pamoja na karatasi ya zahanati. Nilimbebea sanduku hadi getini. Alilichukua bila kuniangalia.

Nimetunga maneno ya kumwomba Judica msamaha, lakini wivu haujanitoka. Umegeuka tu. Mimi nililala kitanda cha jirani na Shadya tangu tulipotoka likizo nisijue kwamba anaumwa. Judica alijua. Nilikuwa nahesabu nani amekaa na nani, na yeye alikuwa anafanya kazi ya ndugu. Hilo ni chungu kwangu kuliko kahawa yoyote.

Kutoka kwenu hadi Kagondo si mbali, na wagonjwa wa namna hii umeshawazoea. Nijibu upesi, Dada, hata kwa mstari mmoja. Utakwenda kumwona Shadya, na ukimwona, utamuuliza kama nikimwandikia ataifungua barua yangu?

Mdogo wako,
Evelyne