Herufi Zenye Miguu

Juba, Custom, 3 Machi 2024

Mpwa wangu Poni,

Salamu nyingi kama vumbi la hapa mtaani Custom. Mimi mzima. Mama yako ndiye anayeishiwa nguvu, ila macho bado yanaona. Amenisimulia maisha yake yote, kurasa kumi na moja, na anataka ayasome mwenyewe kabla hajafumba macho.

Nimemchapia kwa herufi nene, nyeusi, bila mapambo. Unanijua: mawaziri watatu waligombania kiti kwenye kibanda changu cha kuchapa, mmoja akalia kwa uzuri wa ukurasa. Lakini dada yangu ameusukuma mbali. "Konga, hii karatasi ya kubomoa nyumba. Tunafukuzwa tena?" Nikamwambia ni maisha yake. Hataki hata kugusa.

Wewe kazi yako ni kupanga herufi za vitabu huko Kampala. Nifanye nini?

Mjomba wako,
Konga

Kampala, 9 Machi 2024

Mjomba,

Nakusalimu kwa heshima, na mama pia. Barua yako imeniliza.

Mama alijifunza kusoma kambini, mtu mzima, kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Herufi zake ni nyembamba, zina miguu midogo chini. Hizo nene zisizo na miguu alizizoea kwenye kadi ya posho na matangazo ya kubomoa. Kitabu kiko chini ya mto wake. Linganisha herufi moja moja, acha nafasi kati ya mistari, na usichague za kujionyesha.

Hati yangu ya kusafiria inatoka Ijumaa. Mwambie nakuja.

Mwanao,
Poni

Juba, 21 Machi 2024

Poni mwanangu,

Pole, na mimi nipe pole. Nilipokupigia simu Jumapili nilisema neno moja tu. Haya ndiyo mengine.

Nilijaribu aina kumi na saba za herufi. Siku nyingine ningekuambia mia nne, leo sina hamu ya kuongeza. Ya kumi na saba, ile herufi "a" ilikuwa na mgongo uleule wa kitabuni. Mama yako akaweka kidole, akasoma kwa sauti, polepole, siku tatu. Kufika ukurasa wa nane, pale unapozaliwa, akaufunika kwa kiganja. "Huu atanisomea Poni."

Alikungoja Ijumaa. Jumamosi akaniuliza kama hati imetoka. Jumapili, majirani wakiwa kanisani, khalas, akatuacha.

Kwenye msalaba wa kaburi nimeandika jina lake kwa herufi zilezile, zenye miguu. Ukurasa wa nane bado uko kitandani kwake, sijaugusa. Hati ikitoka, njoo umsomee.

Mjomba wako,
Konga