Mama, Nimewaambia Ukweli Juu ya Deusi

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia hivyo hivyo, ingawa marahaba yako siisikii tena, na nyumba hii ya Igogo imepoa tangu tukuzike.

Yule mtu wa upekuzi alikuja. Unakumbuka Deusi alivyotuambia kwamba kabla hajakabidhiwa mafaili ya siri ya serikali, atatumwa mtu kuulizia tabia yake mtaani. Wewe, mgonjwa kitandani, ukawaita majirani mmoja mmoja ukawafundisha jibu: "Mwanangu hajawahi kuonja pombe." Na mimi mkweo ukanishika mkono, nikakubali. Ningekukataliaje katika hali ile?

Mama, walikutii kupita kiasi. Balozi wetu wa nyumba kumi alisema hajawahi kuonja. Mama Nyanzala, muuza samaki aina ya furu, naye akasema hajawahi kuonja, hata kabla hajaulizwa. Yule bwana akafunika kalamu yake, akaja kukaa uani kwangu. Akaniambia kwa upole kwamba mahakama inamjua Deusi vizuri: gongo, ule ugomvi, mtu aliyevunjwa mkono, kifungo. "Pombe mtu anaweza kuiacha, dada. Lakini anayeficha mambo yake, siku adui akiyajua atamwendesha anavyotaka."

Nilikufikiria wewe, nikaona aibu. Halafu nikasema yote. Nikasema alivyokuwa akirudi amelewa, alivyonifukuza nikaenda kwetu Misungwi na mtoto mgongoni, na wewe ukanifuata huko na miguu yako mibovu kuniomba nirudi. Nikasema pia kwamba tangu atoke jela hajagusa kitu. Hata msibani kwako, wanaume walipoletewa pombe, yeye alikwenda kuwapasulia kuni wapishi.

Majibu yametoka. Mafaili ya siri hajapewa. Amebakizwa masjala ya kawaida, mwakani watamchunguza upya. Balozi ananilaumu kwamba nimemharibia mume wangu, na Mama Nyanzala haniuzii samaki siku hizi.

Siku ile alipoondoka yule bwana, Deusi alinikuta nalia. Nilipomweleza, akasema, "Mama angekasirika." Nikamjibu, angekasirika sana. Tukacheka. Ndipo na yeye akaanza kulia, akaniambia kwamba ofisini alikuwa amekwisha kuwaeleza kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe. Wewe tu ndiye aliogopa kukuambia kwamba amesema. Baadaye wakubwa wake walimwambia kwamba maneno yetu kufanana ndiko kulikomwokoa asifukuzwe kabisa.

Najua ulifanya vile kwa kumpenda. Sina kinyongo na wewe, Mama, ila nakukosa sana, hasa jioni tukitenga chakula.

Pumzika kwa amani. Mwanao nitamtunza, nitampikia, nitamsubiri hata akichelewa. Lakini siku akirudia kunywa nitasema, na nitaanza kwa kumwambia yeye. Kumficha sitamficha tena.

Mkweo,
Mama Kulwa