Filme ya Mwalimu kwa Kiswahili Yangu

Jumatano, 15 mai 2024

Habari mbaya! Madame Tatiana, mwalimu wetu, wamemutuma kufundisha kule mji wa Miti. Masomo yetu ya bamaman wa soko, hapa Kadutu, inaishia Jumamosi hii. Mwalimu mwingine hakuna.

Maman Apolline, ule anauzishaka samaki ya sambaza, iko anajifunza kuandika jina yake. Amefika «Apol». Akauliza: sasa mi nitabaki Apol mpaka kufa? Tukacheka sana, lakini roho iliniuma.

Ya kutuaga, Madame ataonyesha filme ya zamani: mwalimu mwanamuke kwa mutaa wa bachimbaji. Iko mu Kiingereza. Mi nilisomea Kampala, basi Madame amesema mi ndiye nitatafsiri kwa sauti. Na huu mudomo wangu!

Ijumaa, 17 mai

Nimeiangalia filme mbele ya Jumamosi, peke yangu. Ule mwalimu iko mukali! Directeur wa shule anamufukuza kwa mulango, yeye anarudilia dirishani. Nimemupenda kabisa.

Lakini mwisho — aah! Anafunga sanduku, anaaga, anapanda treni. Kwisha. Kweli mutu anaonyesha bamaman kitu kama hiyo siku ya kuagana? Madame naye!

Jumamosi, 18 mai

Salle ya masomo ilijaa. Bamaman bakamutukana directeur kwa lugha yabo ya Mashi, maneno siwezi andika hapa. Nilitafsiri vizuri, wallahi, neno kwa neno. Mpaka mwisho. Mwalimu wa filme anasema: kazi yangu hapa imekwisha, kwaheri. Nikamuangalia Maman Apolline, machozi tayari. Ulimi ukateleza:

«Anasema: nimebadilisha mawazo. Siendi popote!»

Vigelegele! Na hapo hapo treni ikafika. Na yeye akapanda. Mama yangu!

«Djamila, sasa anapanda kufanya nini?»

«Anaenda… kuchukua nguo zake zilibakia kwa mama yake!»

Treni ikaenda. Madame Tatiana, anajua Kiingereza kunipita, alikuwa amefunika uso na kitambaa, mabega yanatetemeka. Kucheka? Kulia? Sikujua.

Maman Apolline akasimama. Hakuniuliza mi tena. Akamugeukia yeye, polepole:

«Madame, na anarudi siku gani?»

Madame akashusha kitambaa, akaniangalia mi, akajibu kwa Kiingereza, haraka haraka: Miti si mbali, labda kila Jumamosi ningejaribu kuja, lakini sijaahidi kitu — na weye Djamila, hiyo usitafsiri!

Bamaman bote bakanigeukia. Anasema nini? Anasema nini?

Nikakohoa.

«Madame anasema —»