Anastazi, Maombi Yamejaa

Ndugu yangu Anastazi,

Huko uliko nadhani hakuna mtandao, la sivyo ungekuwa umeshaniandikia kunikosoa. Basi nakuletea habari mwenyewe. Sisi wazima. Mama Keza anaanza kula vizuri. Keza amefaulu kemia, na anasema ni kwa juhudi zake, kwa hiyo wewe mwalimu wa fizikia usijisifu huko. Mimi bado nahesabu makatoni kwenye ghala la Masoro. Jambo baya ni moja tu: Umuduri ulikwama, na aliyeukwamisha ni wewe.

Nasema Umuduri, programu yetu, ile tuliyoipa jina la upinde wa nyimbo wa wazee. Ile ya kuendeshea vicheza muziki vya mfukoni, vyenye vitufe, ambavyo dunia nzima imevitupa kwenye droo na wewe ukavikusanya hadi Mama Keza akakosa pa kuweka vijiko. Tuliiacha wazi mtandaoni, yeyote aichukue bure, aone ilivyoandikwa, na aombe anachotaka kiongezwe. Basi kuomba wanaomba. Ukurasa wa maombi umejaa hadi pomoni. Lakini wewe uliweka sheria kwamba hakuna kitu kipya kitakachoingia mpaka watu wawili wakubali, na viti vya kukubali ni viwili tu, changu na chako. Nilipokuuliza kwa nini viwili, ulisema walinzi wakiwa watatu, mmoja husinzia. Hukusema wawili wafanyeje mmoja akifa.

Umenifanya niwe mtu wa kueleza watu tabia zako. Kila wiki kuna mgeni ananiuliza kwa nini majibu yako ya zamani yako vile, nami namweleza kwamba marehemu alikuwa msemaji wa kukataa. Namwambia hivi: kwetu Rwanda, siku ya posa, wageni wanakuja kumwomba binti ambaye wameshapewa. Familia zimeshakubaliana, hema limeshakodiwa, soda ziko kwenye barafu. Hata hivyo anasimama mtu wa upande wa bibi harusi na kusema hapa hakuna binti wa jina hilo. Wakisisitiza, anakumbuka kwamba kumbe yupo, ila ameingia utawa. Wakimfuata huko, ameshatoka, yuko masomoni ng'ambo. Watu wanacheka, msemaji wa wageni anatokwa jasho akitafuta maneno mazuri zaidi, na mwisho binti anatoka amejitanda mushanana na kila mtu anapiga makofi. Kicukiro nzima walikuwa wakikuita wewe kwa kazi hiyo. Kule kukataa ni heshima, namwambia mgeni. Anajibu kwamba ameelewa, na mimi najua hajaelewa.

Maana shida yako ni hiyo, Anastazi. Ulichukua desturi ya posa ukaipeleka kwa watu ambao hawajawahi kukaa chini ya hema hata moja pale Kagarama. Unamkumbuka yule bwana wa Ufini? Aliomba kitu kidogo tu, muziki ujizime baada ya muda kwa sababu analala ukiwa unaendelea. Ukamjibu kwamba anachokiomba kimeingia utawa. Akauliza, kwa adabu zote, utawa huo uko ukurasa gani wa maelezo. Ulicheka mpaka chai ikakupalia, Mama Keza akaja kukupiga mgongoni. Mimi nilijua hatarudi, na hakurudi. Aliandika programu yake mwenyewe, na inajizima vizuri sana.

Walioelewa walikuwa wa hapa. Mlinzi wa ghala letu aliomba taa ya kioo isiwake akibonyeza kitufe, kwa sababu bosi anaiona kutoka getini. Ulimkatalia, akarudi. Ulimkatalia tena, akarudi na hoja mpya, mpaka siku alipokuambia kwamba hata bundi hatembei na tochi. Ukakubali papo hapo. Kwaya ya Kagarama ilitaka wimbo uende polepole bila sauti kuzama, wapate kujifunza. Uliwataka waje uani kwako waombe wote, wakaomba kwa sauti nne, ukawaambia besi imedanganya warudi Jumapili. Na yule kijana wa Niboye aliyebandika picha ya ng'ombe wa mahari chini ya ombi lake, huyo ulimkubalia kabla mimi sijamaliza kulisoma.

Halafu kulikuwa na Goreti.

Hamkuwahi kuonana. Mrundi, kakulia Bujumbura kama wewe, anaandika programu za kiwanda kimoja hapo Masoro, na kila asubuhi njiani anasikiliza mahubiri marefu kwenye kicheza muziki chenye betri iliyochoka. Betri ikikata, mahubiri yanaanza upya. Aliomba mashine ikumbuke ilipoishia. Aliandika kwamba ameshausikia mwanzo wa mahubiri yale mara nyingi kuliko padri mwenyewe, na bado hajui kama mwana mpotevu alifika nyumbani. Ukakataa. Ulisema mashine ikiandika kila mara ilipofika, kumbukumbu yake ndogo itachakaa upesi. Akarudi: basi iandike betri inapokaribia kuisha. Ukakataa, betri kuukuu haiagi. Akarudi tena. Miaka mizima mmekuwa hivyo. Nilikuwa nikija kwako jioni unanipokea mlangoni ukisema, "Goreti amerudi," na uso wako umenawiri kama mtu aliyetumiwa mbuzi.

Sasa nikueleze kilio chako, kwa sababu hukukiona na kina mambo yake.

Tulikaa uani kwenye viti vya plastiki. Simu yako ilikuwa juu ya kabati na haikunyamaza. Kila ikilia, wajomba zako wanageuka. Mwisho Mama Keza akaniita. "Venusti, hawa watu iko wanatafuta nani? Mtu amekufa, habari hawana?" Nikaangalia. Nikamwambia ni mtu wa Brazili, anaomba wimbo ukiisha, unaofuata uanze taratibu usimshtue. Akaniangalia kwanza mimi, kisha simu. "Mwambie angoje. Hapa tuko kwa kilio." Nikamwandikia hivyo hivyo. Yule bwana akajibu kwamba amesikitika sana, anatupa pole, na je, baada ya kilio itawezekana?

Ndipo akaingia mwanamke tusiyemjua. Alilia kuliko shangazi zako wote, na unawajua shangazi zako. Mama Keza akanivuta nyuma ya tangi la maji. "Niambie ukweli, shemeji. Huyu ni nani ya mume wangu?" Nikamwambia ni Goreti, alijitaja kwangu mlangoni. Ndugu yangu, hukuwahi kufikiri kwamba mkeo alikuwa akilisikia jina hilo mezani, kila chakula cha jioni, kuliko jina lake mwenyewe. Niliuona uso wake ukibadilika. Nikasema haraka, "Huyu ndiye alikuwa anakataliwa." Akauliza, "Anakataliwa nini?" Nikalazimika kueleza habari za betri, nyuma ya tangi, katikati ya msiba, na mwana mpotevu nikamtia humo. Mama Keza akaficha mdomo kwa kitenge akacheka. Alikuwa hajacheka tangu hospitali. Akaenda akamshika Goreti mkono, akamkalisha kwenye mkeka wa familia.

Goreti alipotulia akasema neno moja tu. "Sasa nani atanikatalia?" Mimi nikatoka nje nikasimama barabarani, nikijifanya napokea simu.

Baada ya hapo ndipo tukakwama. Kadi za kumbukumbu zinazouzwa mjini sasa ni za aina mpya, Umuduri haukuweza kuzisoma. Mtu akatuma marekebisho, mistari michache, safi. Nikakubali. Ukurasa ukaandika: Inasubiri Anastazi. Mvua za vuli zikaja zikaisha, bado imeandikwa Inasubiri Anastazi. Watu wakaanza kusema Umuduri umekufa. Yule bwana wa Ufini akaandika kwa upole kwamba yuko tayari kuwapokea watumiaji wetu wote. Nilimkasirikia, kisha nikakukasirikia wewe, na kukukasirikia wewe ndiko kulikodumu. Kuna asubuhi nilifungua ule ukurasa kazini nikakuambia kwa sauti, "Haya, kubali basi," mbele ya watu wa forodha.

Dawa nilikuwa naijua. Kumweka mtu mwingine kwenye kiti chako ilikuwa lazima nilifute jina lako kwanza. Sikutaka. Nilijiambia natafuta mtu anayefaa, na kweli nilitafuta. Nikamjaribu bwana mmoja wa Ureno, fundi hasa, mpole, nikamkabidhi maombi kwa siku moja, kwa mazoezi tu, bila kiti. Kufika saa sita mchana alikuwa amekubali kila kitu na kumshukuru kila mtu. Huyo angekaa upande wa bibi harusi, mabinti wote wa Kicukiro wangeolewa kabla soda hazijafunguliwa. Nikamjaribu mwalimu mwenzako wa hesabu. Yeye alikataa yote, hata mtu aliyetuambia kuna kosa la tahajia, na hakusoma hoja ya mtu hata mmoja. Nikamwambia asante, nikarudi kwenye kusubiri.

Ni Mama Keza aliyenishinda. Nilikuwa kwake Jumapili, ananiwekea isombe, nikaanza tena kulalamika. "Si uweke Goreti? Maneno yote ya Anastazi iko anajua, hata mimi sijui hivyo." Nikasema huyo akipewa kiti, kitu cha kwanza atajikubalia ombi lake. Akaniongeza isombe. "Basi na apate, sha. Amengoja sana. Na we pia umengoja sana, Venusti. Anastazi haji."

Sikumaliza kula siku ile. Jumamosi iliyofuata nilirudi, nikakaa mezani kwako, kwenye kompyuta yako, kwa sababu Mama Keza alitaka ifanyikie pale. Nikachagua jina lako. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikajibu hapana. Nikanywa chai. Nikachagua tena, ikauliza tena, nikajibu hapana tena. Keza akapita, akasema, "Tonto Venusti, hiyo chai ni baridi." Mwisho nikajibu ndiyo, na jina lako likaondoka bila kelele yoyote, na nikalia, Anastazi, nikalia kama niliyefiwa asubuhi hiyo, mbele ya mtoto, wala sikuona haya. Keza alinipa kitambaa cha kufutia vyombo.

Goreti alikaa kwenye kiti siku hiyo hiyo. Kwanza akakubali marekebisho ya kadi. Watu wakafurahi, yule wa Brazili akatuma picha ya mbwa wake. Kisha nikasubiri alifikie ombi lake. Alikuwa ameshaandika kila kitu, mashine iandike ilipofika pale tu unaposimamisha wimbo au kugusa sauti, haichakai hata kidogo. Wewe mwenyewe ungekosa la kusema. Mimi nilikuwa nimeshakubali. Ukurasa ukaandika: Inasubiri Goreti.

Akaandika chini yake: "Hapa kwetu hakuna binti wa jina hilo."

Nikampigia simu. Nikamwambia dada, hili ni lako, umelililia miaka, bonyeza tu. Akasema, "Venusti, mimi siwezi kuwa mwenye kuomba na mwenye kutoa. Mtu hajiposi. Iko lazima mmoja asimame upande ule. Simama." Nikamwambia mimi sijawahi kuomba kitu, miaka yote nilikaa nyuma ya Anastazi nikicheka. "Rero, basi, utajifunza," akakata simu.

Basi nimejifunza. Niliandika mara ya kwanza, akasema binti ameingia utawa. Nikaandika tena kwa ustaarabu zaidi, yuko masomoni ng'ambo. Ghalani sasa wanadhani natunga mahubiri, maana natembea kati ya makatoni nikinong'ona. Na si mzaha mtupu. Katika kunikatalia alirudi akasoma kazi yake mwenyewe kwa jicho la adui, akaona kwamba betri ikikata katikati ya kuandika, mashine itaamka kwenye mahubiri mengine kabisa. Akarekebisha, akanikatalia upya. Nilipolisoma jibu lile niliruka kutoka kwenye kiti kwa furaha, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Kwa hiyo pumzika, ndugu yangu. Mbona nimekusumbua na habari za betri hadi huko. Nakukumbuka sana, na ningetoa kila kadi ya kumbukumbu mjini nikusikie ukiniambia hapana. Nakuahidi hakuna ombi litakaloingia Umuduri bila kuhangaishwa kwanza, na hili la Goreti nitaliomba mpaka atoke nalo. Jana nilijitahidi, nikatumia maneno yote mazuri niliyokuwa nayo, hata ya Kinyarwanda cha zamani ambayo niliyaomba kwa mjomba wako.

Amekataa, Anastazi. Amekataa vizuri sana.

Ni mimi, Venusti.